Kuinua Ari ya Wafanyakazi kwa Fedha Kidogo: Hatua Tulizozifuata Ngamiani

Ninasimamia karakana ya watu 11 hapa Ngamiani, Tanga, inayosokota kamba na kufuma mazulia ya mkonge. Hivi karibuni jirani yangu mwenye tanuri la mikate, ambaye watu wake walikuwa wamenuna na kuchelewa kazini, alitaka kukopa fedha awafanyie sherehe. Nilimsihi asikope, tukafanya haya.

Hatua ya 1. Taja tarehe ya mshahara na uishike.

Hatua ya 2. Timiza haki kabla ya kufikiria zawadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Jirani yangu aligawa soda kila Ijumaa, ilhali mwokaji wake mkuu hakuwa amepata likizo tangu aajiriwe.

Hatua ya 3. Panga zamu pamoja na wenye zamu. Mimi niliwahi kutumia Jumapili nzima kuipanga ratiba peke yangu, nikaibandika ukutani nikiamini nimewatendea haki wote. Asubuhi yake fundi mmoja alisimama mbele ya ratiba hiyo kwa muda mrefu, kidole chenye nyuzi za mkonge kikiwa juu ya jina lake, kisha akaenda kwenye mashine bila kusema neno. Nilikuwa nimempangia Alhamisi asubuhi, siku anayompeleka mama yake kliniki, na sikuwa nimemuuliza.

Kwa hiyo muulize kila mtu faraghani mambo mawili asiyoweza kuyahamisha katika wiki yake; usiulize kikaoni, kwa kuwa huko wasemaji hodari hujipatia siku nzuri na wapole huitikia tu. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya manila. Sishauri kundi la WhatsApp hata kidogo, kwani si kila mtu ana bando kila siku, na ratiba huzama chini ya salamu na picha. Ibandike wiki mbili kabla ya kuanza kutumika. Wawili wakitaka kubadilishana zamu waruhusu, mradi wote watie sahihi. Wewe usibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na mhusika. Ramadhani ipangie ratiba yake, ili wanaofunga wafike nyumbani kabla ya magharibi, na wasiofunga waombwe kushika jioni, wala wasilazimishwe, kisha warudishiwe nafasi hiyo baada ya Idi.

Hatua ya 4. Uliza ni kitu gani kimoja kinachowachosha, ukinunue. Kwetu kilikuwa visu butu. Kinoo kimoja cha kunolea kilitosha. Kwa jirani kilikuwa benchi la kukalia wakati unga unaumuka, nalo seremala alilitengeneza kwa mbao zilizokuwa zimelala uani.

Hatua ya 5. Kunywa nao chai ya saa nne, na unaposifu, itaje kazi yenyewe: ukingo ulionyooka, mkate ulioiva sawasawa hadi ndani.

Rudia maswali ya hatua ya tatu kila shule zinapofunguliwa, kwa sababu wakati huo wazazi wengi hubadilisha saa za kutoka nyumbani. Kwa jirani yangu, aliyeniletea karatasi mpya ya manila ili tuanze kuipangia mistari ni yule mwokaji, aliyekuwa amerejea kutoka likizo ya siku 28.