Kurekodi taarabu Mombasa: programu ifanye nini, isiguse nini

Programu za kurekodi siku hizi zina kitufe cha kunyoosha sauti na kingine cha kunyoosha mapigo, na zipo zinazotunga wimbo mzima ukiziandikia sentensi moja. Kwa taarabu, kitufe cha kwanza ndicho kibaya zaidi, na ndicho mafundi wengi hukiacha kimewashwa.

Programu hizo zimepangwa kwa nota 12 za piano, na kutoka nota hadi nyingine ni senti 100 (senti hapa ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa sauti). Maqamu (ngazi ya nota za Kiarabu) ya Bayati yanayoanzia Re yana Mi iliyo chini ya ile ya kinanda kwa senti 50 hivi. Mwimbaji akiipata barabara, programu humwona amekosea: mara huivuta juu, mara chini, na kwenye nota ndefu inasikika kama kwikwi. Kitufe hicho kizime. Neno moja likiharibika, lirekodi tena, au lisahihishe kwa mkono ukifuata udi uliopigwa siku hiyo, maana kila mpiga udi ana Mi yake. Kinanda kiwekwe sawa kabla ya kuanza: Mi ishushwe senti 50, na kwa maqamu ya Rasti yanayoanzia Do zishushwe Mi na Si. Kinanda kisichoweza kushusha nota moja moja kikae kimya, fidla ishike zamu.

Taarabu ya mkondo wa Kihindi, uliovuma hapa kwa sauti ya marehemu Juma Bhalo, ina tatizo jingine. Sauti huteleza kutoka nota hadi nota, na programu huukata mtelezo huo ukawa ngazi.

Mapigo nayo yasinyooshwe. Rika (tari dogo la njuga) na dumbaki (ngoma ya mkono) hutangulia au kuchelewa kidogo kwa makusudi, na hapo ndipo watu wanapotikisa mabega. Wape wapigaji mapigo 8 ya kuanzia, kisha uzime mlio wa kuhesabu, wamfuate wa dumbaki. Pigo lililokwenda kombo kweli lisogeze hilo peke yake.

Chumba cha Mji wa Kale kina kuta nene za mawe zinazozuia kelele za njiani, lakini ndani mwangwi ni mwingi. Kutundika leso hakusaidii kitu, ni nyepesi mno. Simamisha magodoro mawili nyuma ya mwimbaji na utandike zulia. Maikrofoni ya udi iwe umbali wa sentimita 25 hivi, ielekee pale shingo inapoungana na tumbo. Ukiielekeza kwenye tundu, sauti nzito itafunika nyuzi. Mwimbaji akae sentimita 15 hadi 20 kutoka maikrofoni yake. Feni izimwe, kwa hiyo rekodini kwa vipindi vifupi, na baada ya Isha, kunguru wakishalala.

Unyevu wa pwani hulegeza ngozi ya rika. Ipashe moto kwa mbali, isikaribie makaa ikapasuka. Udi ukae chumbani nusu saa kabla ya kukazwa nyuzi, na ukaguliwe kila wimbo unapokwisha.

Maneno ya wimbo yaliyotungwa na mashine hupendeza kwa macho, kisha humshinda mwimbaji. Vina mara nyingi hukaa sawa, mizani (idadi ya silabi) ndiyo huvunjika. Hesabu kwa vidole: mtoto ni mizani 3, nchi ni 2, na kila kipande kiwe na 8. Mafumbo je? Mtunzi wa hapa anajua nani anapigwa kijembe na kwa nini. Mashine itakuletea waridi na mwezi.

Kazi ya mashine ipo, tena nzuri. Iondoe mvumo wa umeme wa hezi 50, na ipunguze mlio wa tuktuk uliopenya dirishani. Ifanye hivyo kwenye nakala, kila ala ikiwa na faili yake ya biti 24, na faili za awali zihifadhiwe mahali pawili, kwa sababu kusafisha kupita kiasi hula pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa uta wa fidla, na ukishahifadhi juu yake hairudi.