Viatu vya kukwea miamba vinavyobana: jinsi ya kuvilegeza bila kuviharibu

Kiatu kipya cha kukwea miamba lazima kibane. Kikikaa mguuni kama raba za kutembelea, utakanyaga ukingo mwembamba wa jiwe na mguu utahama ndani ya kiatu hata kama soli imeshika vizuri. Lakini kuna kubana kunakoisha na kuna kubana kusikoisha, na watu wengi huharibu viatu vya bei ghali kwa kutotofautisha hayo mawili.

Anza kwa kuingiza mkono ndani. Ukigusa ngozi yenyewe, upande wake wa vinyweleo laini, bila kitambaa chochote juu yake, kiatu hicho hakina bitana. Hicho ndicho kinachotanuka kuliko vyote: kinaweza kufika saizi nzima ya Ulaya, yaani kama milimita 6 au 7, na pengine kupita kidogo. La Sportiva Mythos na Five Ten Moccasym ni mifano ambayo wakweaji wengi wanaijua. Ngozi yenye bitana hutanuka kama nusu saizi. Ngozi bandia hulainika tu na kufuata umbo la mguu; ukubwa wake haubadiliki vya kutosha kukuokoa.

Kisha kumbuka kwamba kiatu hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Urefu umeshikwa na soli na ule ukanda wa mpira unaozunguka kiatu chote, ambao nyuma umevutwa kwa nguvu ili usukume vidole mbele. Mpira hulegea kidogo sana. Kwa hiyo kikibana ubavuni, penye ngozi tupu, vumilia, kitakuja. Kikibana kwenye ncha ya kidole gumba, au juu ya vifundo vya vidole penye kipande cha mpira, usitegemee mengi.

Dalili za saizi inayofaa ni hizi: vidole vimejikunja kidogo na vyote vinagusa mbele, hakuna kidole kilichopanda juu ya mwenzake, na kisigino kimejaa bila pengo la hewa. Unasikia mbano, husikii maumivu makali ya kuchoma. Pima jioni au baada ya kutembea, kwa sababu mguu wa asubuhi ni mdogo.

Kuvaa nyumbani

Njia hii ni ya polepole, lakini ndiyo isiyoharibu kitu. Nyuzi za ngozi zikipata joto na unyevu huteleza na kujipanga upya. Zikikauka zikiwa zimevutwa, hubaki hivyo. Mguu wako una joto na una jasho, na una umbo lako mwenyewe. Hakuna kifaa kinachoushinda.

Kata kucha siku moja kabla, zikiwa fupi na zimenyooka. Legeza kamba hadi tundu la mwisho, si zile mbili za juu tu, na uvute ulimi wa kiatu mbele kabisa. Kiatu kikikataa kuingia, vaa soksi nyembamba ya nailoni au mfuko laini wa plastiki ili mguu uteleze. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini mfuko uliofungia mkate unafaa kabisa. Ingiza vidole kwanza, shika vitanzi vyote viwili vya kisigino kwa pamoja, kisha vuta huku ukisukuma ncha ya kiatu ukutani. Ukivuta kitanzi kimoja kwa kidole kimoja utafumua mshono. Mguu ukishaingia, chana mfuko uutoe, maana plastiki huzuia jasho kufika kwenye ngozi.

Siku ya kwanza kaa navyo dakika 5 hadi 10, umeketi. Vua, subiri vidole virudi rangi yake, vaa tena. Mara tatu zinatosha. Siku ya pili simama, inuka kwa ncha za vidole mara kumi kumi. Kuanzia siku ya tatu au ya nne ongeza hadi dakika 15 au 20. Ganzi ikiingia, vua papo hapo. Kujilazimisha hakuharakishi ngozi. Baada ya wiki moja anza kukwea njia rahisi na uvivue kila ukishuka. Viatu vya ngozi vingi hutulia baada ya mazoezi matano hadi kumi.

Maji ya moto, kwa ngozi isiyo na bitana pekee

Kama wiki mbili zimepita na ubavu bado unauma, lowesha. Usitumbukize kiatu kizima. Chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, yaani kama nyuzi 40, ukipake kwenye ngozi ya juu hadi iwe na unyevu wote, ukiepuka maungio ya soli. Vaa bila soksi, funga kamba kwa kiasi, na utembee ndani ya nyumba kwa nusu saa hadi dakika 45. Ngozi iliyotiwa rangi itaacha rangi yake miguuni na sakafuni, hasa nyekundu, kwa hiyo tandika gazeti.

Kosa kubwa hutokea hapa: watu huvua viatu vikiwa bado vimelowa na kuviacha vikauke vitupu. Ngozi inayokauka bila kitu ndani husinyaa, na kesho yake kiatu kinabana kuliko jana. Kivae hadi kiwe na unyevunyevu tu, kisha kijaze magazeti kwa kukaza na ukiweke kivulini penye upepo siku nzima au mbili. Rudia mara moja tu. Ukizidisha, ngozi hukakamaa au kiatu hupwaya, na kiatu kilichopwaya hakina dawa.

Sehemu moja inayosumbua

Mtu mwenye fundo lililotokeza kando ya kidole gumba hahitaji kiatu kizima kitanuke. Vaa kiatu, weka alama ya chaki nje pale panapochoma, vua, halafu lowesha ndani pale pale kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bonyeza kutoka ndani kwa mgongo wa kijiko kikubwa au mpini wa mviringo wa nyundo, dakika chache, kisha vaa hadi kikauke.

Fundi viatu mwenye kalibu ya mbao yenye skrubu, ile inayotanua kiatu kwa ndani, anaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mwambie azungushe robo mzunguko kila baada ya saa kadhaa, na asitumie kalibu kwenye kiatu kilichojipinda kuelekea chini kama kucha ya mwewe. Kalibu iliyonyooka itakinyoosha, na mpindo huo ndio uliolipia.

Kisigino kikikata kano ya nyuma, bandika plasta ya kitambaa kabla malengelenge hayajatokea, si baada yake. Ukingo huo hulainika ukiukunja kwa vidole gumba mara kadhaa kila siku.

Joto kavu liogope. Jiko, oveni, mashine ya kukausha nywele iliyosogezwa karibu, na gari lililofungwa juani vyote hulainisha gundi, na ukanda wa mpira huanza kubanduka kuanzia kwenye vidole. Njia ya kuweka mfuko wa maji ndani ya kiatu na kugandisha kwenye friza nayo haifai: maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9, lakini husukuma penye gundi kama yanavyosukuma penye ngozi. Mafuta ya kupaka ngozi pia acha, hulegeza maungio.

Kwa njia ndefu, kama za vilele vya Batian na Nelion kwenye Mlima Kenya, ambako kiatu hukaa mguuni saa nyingi, chukua jozi ambayo vidole vinakaribia kunyooka na ambayo imeshalegea kabisa.

Kama baada ya mwezi ganzi inabaki muda mrefu ukishavua, kucha inageuka nyeusi, au kidole kinapanda juu ya kingine, saizi ni ndogo. Viuze vikiwa bado na soli nzuri. Na mtoto ambaye mifupa ya miguu bado inakua asivalishwe kiatu cha kulegezwa hata kidogo: vidole vyake vilale vimenyooka, na ukipima tena baada ya miezi mitatu huenda saizi imeshabadilika.