Sarakasi isiyo na wanyama: namna ya kuipeleka familia na wote mkarudi mmefurahi

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza ni kweli hamna wanyama, maana tangazo linaweza kusema "hakuna wanyama wa porini" halafu mkaingia ndani mkakuta farasi na mbwa. Hata sheria ziko hivyo hivyo, England ilipiga marufuku wanyama wa porini kwenye sarakasi za kuhamahama kuanzia 2020 lakini farasi na mbwa haiwagusi, wakati Bolivia mwaka 2009 ilikataza wote, wa porini na wa kufugwa. Kwa hiyo uliza moja kwa moja: kuna mnyama yeyote anaingia ulingoni? Na usihukumu kwa jina la zamani, Ringling Bros. ya Marekani iliyovuma kwa tembo ilifunga 2017 ikarudi 2023 bila mnyama hata mmoja, na Circus Roncalli ya Ujerumani yenyewe imewahi kuonyesha tembo wa hologramu, yaani mwanga mtupu.

Watoto nao waambie mapema kwamba kuna watu tu, la sivyo mdogo atakuuliza simba anakuja saa ngapi mpaka taa ziwashwe.

Sasa viti, na hapa ndo usifanye haraka. Ulingo wa sarakasi ni duara la kama mita 13 upana, ni urithi wa Philip Astley aliyekuwa akionyesha michezo ya farasi London tangu 1768, farasi akikimbia kwenye duara la namna hiyo ni rahisi mtu kusimama mgongoni kwake bila kuanguka. Farasi kaondoka, duara limebaki, watu wakadhani basi popote utakapokaa utaona sawa. Wapi! Wasanii wengi wanaelekea upande mmoja, ule unaotazamana na pazia wanalotokea, ukikaa kando sana utaangalia migongo. Kiti cha mbele kabisa kizuri kwa vichekesho ila watu wakipanda juu shingo itakuuma, tena klauni akitafuta wa kumvuta ulingoni anaanza na hao hao, kwa hiyo kama una mtoto mwenye haya mkae katikati ya mstari, mbali na njia. Mi naonaga safu za kati ndo penyewe. Uliza pia kama kuna nguzo ya hema inaziba, tiketi nyingine huwa rahisi kwa sababu hiyo.

Onyesho la mchana ni bora kuliko la usiku kama mna wadogo, kawaida ni kama masaa mawili na mapumziko katikati, na mtoto mwenye usingizi hana habari na sarakasi yako. Kama kuna mtu ana kifafa au anasumbuliwa na kelele, uliza kuhusu taa za kumetameta, moshi na milio ya ghafla. Baadhi ya sarakasi zina maonyesho tulivu, sauti inapunguzwa, taa hazizimwi kabisa na mtoto anaruhusiwa kutoka na kurudi, hayo yaulizie maana si kila mara yanatangazwa kwa herufi kubwa.

Hema linasimikwa uwanjani, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunika, kukinyesha ni tope. Mchana joto, usiku baridi. Chooni waende kabla hamjakaa, foleni ya mapumziko usiitamani. Na kama viti ni vya mbao za kupanga ngazi ngazi, simu na midoli vishikilieni, kikipita kwenye nafasi kimeenda chini huko.

Mkishakaa wasaidie watoto kutazama, maana bila wanyama uhondo wote uko kwenye mwili wa mtu. Kwenye bembea za juu kila mtu anamwangalia anayeruka, mwambie mtoto amwangalie mdakaji, yule anayening'inia kichwa chini kwa magoti, na aone hawashikani viganja bali kila mmoja anakamata kifundo cha mkono cha mwenzake, ndo maana jasho haliwaponyoshi kirahisi, na ile poda nyeupe wanayojipaka ni ya kukausha viganja. Akianguka kwenye wavu msishtuke, angalia anavyojigeuza atue kwa mgongo, hilo nalo kafunzwa. Klauni akiingia mtoto mkubwa muulize nyuma yake kunafanyika nini, mara nyingi kuna watu wanafunga wavu au kuhamisha vyuma gizani na yeye kaja kuwavuta macho yenu. Flashi ya simu zima kabisa, mwanga ukimpiga mtu machoni akiwa hewani ni hatari.

Mkirudi nyumbani jiandae, watajaribu kila kitu. Waanzishie kurusha na kudaka vitambaa vyepesi, vinashuka polepole kwa hiyo hata wa miaka mitano anapata muda wa kudaka, vikizoeleka ndo mnahamia mipira midogo. Kujipindua hewani kusubiri mwalimu na godoro, na mapazia yafunge fundo juu kwa siku mbili tatu.