Jeni si jini: namna ya kupima na kusoma CRP na ESR kama kwenu kuna Huntington

Wiki hii watu wawili hapa Amu wameniuliza kitu kimoja, ati wakienda kupima damu ya inflamesheni (mwili ukiwaka kupigana na maradhi au jeraha), vile vipimo vya CRP na ESR, wataeza kujua kama wamerithi ugonjwa wa baba yao, huu Huntington unaoharibu ubongo polepole? Hapana, haiwezi kukwambia hivo. Lakini usiitupe hiyo karatasi ya majibu, ina kazi yake kubwa tu, shida ni wengi wetu twaisoma vibaya.

Ami wangu ana Huntington. Ilianza viungo vinamchezacheza, finjani ya kahawa yamwagika kabla haijafika mdomoni, barazani wakasema huyu kapagawa, akasomewa, akanyweshwa kombe, hakuna kitu. Kumbe ni jeni, si jini. Ni jeni moja (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) iko kwenye kromosomu ya 4, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, na ndani yake kuna herufi CAG zinazojirudiarudia, za mtu wa kawaida hazizidi 26, mwenye 36 mpaka 39 ugonjwa waeza kumpata au ukamkosa, 40 kwenda juu utakuja tu akipewa umri. Mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu, kwa hivo hii habari ya kulaumu ndoa za binamu kwa huu ugonjwa tuiwache, kuna magonjwa mengine ya neva kama ataksia ya Friedreich yanataka jeni mbovu pande zote mbili, huko sawa, lakini Huntington mzazi mmoja anatosha. Ukitaka kujua kama unayo, kipimo ni cha kuhesabu hizo CAG, ukiwa mtu mzima, umeshakaa na mshauri, na kwa hiari yako, sio kusukumwa na wakwe wanaotaka kujua kabla ya kuposa.

Sasa inflamesheni inaingilia wapi? Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo kwamba watu wenye hii jeni damu yao ina intaleukini-6, kemikali ya mwili inayoamsha inflamesheni, nyingi kuliko kawaida, na hii yaeza kuonekana kwa wastani miaka 16 kabla dalili hazijatarajiwa kuanza. Sababu ni kwamba ile protini mbovu inayotengenezwa na hiyo jeni haiko ubongoni peke yake, iko hata ndani ya seli nyeupe za damu, askari wetu hawa, wanakua na hasira za bure. Watu wakisikia hivo wanakimbilia maabara. Lakini huo ni wastani wa kundi zima, ukimchukua mtu mmoja mmoja namba za mwenye jeni na za asiyenayo zaingiliana, na hiyo intaleukini-6 hupanda hata kwa jino bovu. Isitoshe huku kwetu ukisema inflamesheni unapimwa CRP na ESR, hazo ni za jumla zaidi. CRP ni protini ya damu, hutengenezwa na ini likiamrishwa na intaleukini-6. ESR ni damu kusimamishwa kwenye mrija saa nzima halafu waangalia seli nyekundu zimeshuka milimita ngapi.

Kwa mgonjwa wenu fanya hivi. Kwanza mpime siku ambayo yuko salama, hana homa, hana kikohozi, hajachanjwa juzi, upate namba yake ya kawaida, uiandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la maabara. Hakuna haja ya kufunga ndo apimwe CRP. Na siku ya kurudia nenda maabara ile ile ukiweza, kwa sababu hapa wanaandika kawaida ni chini ya 5, pale chini ya 10, utachanganyikiwa bure. Na wakimpima akiwa na homa waambie wapime na malaria, malaria kali peke yake yaeza kuipitisha CRP 100.

ESR ndo imenitia adabu. Mwaka jana ami alianza kukohoa, tukatolewa damu asubuhi mapema lakini maabara tuliyokua tunaitumia wakasema kipimo kinafanyiwa Malindi, basi chupa ikapanda boti mpaka Mokowe, ikasubiri basi, ikafika huko alasiri imechoka kuliko abiria. Majibu yakaja ESR 4. Mzee wa miaka 64! Tukafurahi, mamangu akapika na biriani. Siku ya tatu ami hapumui vizuri, kupelekwa hospitali ni nimonia, CRP 140. Baadae ndo nikaja kuelezwa kwamba damu ya ESR ikikaa masaa mengi kwenye joto seli hubadilika umbo na kushuka polepole, namba inatoka ndogo ya uongo. Mrija ukiinama hata kidogo nayo hutoka kubwa ya uongo. Kwa hivo ESR ipimwe hapo hapo, ndani ya masaa manne, la sivo waambie wakufanyie CRP, hiyo ni rahisi kusafirisha, watenge seramu (yale maji ya damu bila seli) kwanza ndo iwekwe kwenye mkebe wa barafu, hapo haina neno.

Kusoma ESR usitumie namba moja kwa kila mtu. Kuna hesabu ya haraka, mwanamume gawanya umri wake kwa mbili, kwa hivo ami mwisho wake ni 32, mwanamke ongeza 10 kwenye umri kisha gawanya kwa mbili. Mimba na upungufu wa damu huipandisha pia.

Kazi ya hivi vipimo hasa ni hii. Huntington hubadilika polepole, miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika ndani ya siku mbili, jana alikua anatembea leo haamki, jana anawatambua leo anaropokwa, usiseme ugonjwa umepanda, tafuta maambukizi: kifua, mkojo, meno, vidonda vya mgongoni kwa kulala sana. Hapo ndo CRP inakufaa. Lakini jua huchukua kama masaa sita kuanza kupanda na siku mbili kufika kileleni, ukipima mapema sana itakudanganya, rudia kesho yake. Na dawa ikishika hupungua nusu kila masaa 19 hivi, ya ami ilitoka 140 ikaja 66 halafu 31, nikajua tunaelekea. Siku ya tatu ikiwa bado iko pale pale mrudishe kwa daktari.

Tafadhali usinunue diklofenaki wala predinisoloni ya dukani, dawa za kutuliza inflamesheni, ati ushushe namba. Waeza kuishusha karatasi ukaficha nimonia. Na minosaiklini, antibiotiki ambayo watu waliitumaini kwa sababu inatuliza inflamesheni ya ubongo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Huntington na haikuonyesha faida ya kutosha kuendelea nayo.

Kifua cha ami kilianzia kwenye kumeza. Vitu vyepesi ndo hatari, chai, maji, kahawa yake aipendayo, hupita njia ya hewa. Siku hizi tunamkalisha wima kabisa, uji mzito kwa kijiko kidogo, na kahawa twaifanya nzito kwa ule unga wa kukolezea tulioandikiwa hospitali, yeye asema si kahawa hiyo.