Kusomea udaktari wa mifugo ukitokea Mwanza

Shahada ya udaktari wa mifugo pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, huchukua miaka 5. Wengi hukwama kwenye anatomia kwa sababu wanakariri michoro tu. Likizo ukirudi Mwanza, omba ruhusa kwa mkaguzi wa nyama uingie machinjioni alfajiri. Vaa buti, koti na glavu. Brusela, bakteria wa mifugo wanaoambukiza watu pia, hupenya hata kwenye mchubuko mdogo.

Chukua ini la ng'ombe, pasua mifereji ya nyongo kwa urefu, kamua taratibu. Ng'ombe wa majarubani na kandokando ya ziwa, wanakoishi konokono wanaoeneza minyoo ya ini, ndio wa kuangalia zaidi. Minyoo yenyewe ni bapa, umbo la jani, hadi sentimita 7. Mfereji mgumu unaokwaruza kisu ni ugonjwa wa muda mrefu. Chora ulichoona siku hiyohiyo.