Unaenda Uarabuni kufanya kazi na mtoto anabaki kwa bibi? Soma hii kabla hujapanda ndege

Dada zangu mnaosubiri viza ya Oman, Saudia, Qatar au Dubai kwenda kufanya kazi za ndani, nisikilizeni mana mimi nimeshapita huko. Nilienda Muscat mkataba wa miaka miwili, mwanangu nikamuacha Tanga kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu na kidogo, na kosa langu sio kwenda, kwenda ilibidi, kosa langu ni kwamba nilimtoroka. Walimpeleka dukani kununuliwa biskuti, anarudi mimi sipo. Mama anasema kila jioni alikuwa anakaa pale mlangoni ananisubiri, na leo ana miaka tisa lakini nikichelewa bafuni anakuja kugonga kuuliza kama nipo.

Kwa hiyo la kwanza, muage. Atalia na wewe utalia, sawa, lakini mtoto aliyeagwa anajua mama ameenda mahali, aliyetorokwa anachojua ni kwamba watu wanapotea tu, akilala, akienda dukani, wakati wowote. Kama ni mdogo anza kumwambia wiki moja au mbili kabla, mkubwa wa kuanzia darasa la nne hivi mwambie mapema kabisa mana usipomwambia wewe atayasikia kwa majirani. Maneno yawe machache: mama anaenda kazini mbali kwa ndege, wewe utakaa na bibi, bibi atakupeleka shule, mama atarudi. Na mwambie wazi kwamba huondoki kwa sababu yeye ni mtundu, hii usiiache, watoto wadogo wanajilaumu kimoyomoyo na hawasemi. Usimdanganye nakuja kesho. Miaka miwili hawezi kuielewa, mhesabie kwa vitu anavyovijua, tutafunga Ramadhani hii na nyingine ndo mama anarudi, au Krismasi mbili.

Ukiniuliza mimi, mtoto anayenyonya au wa chini ya miaka mitatu, kama unaweza kusogeza safari hata mwaka, sogeza. Najua sio kila mtu anaweza.

Halafu mlezi awe mmoja anayejulikana, sio mwezi huu kwa bibi, mwezi ujao kwa shangazi, likizo kwa mjomba. Na kama ni wawili au watatu usiwagawe jamani, mama akishaondoka ndugu ndo kitu pekee kilichobaki vilevile, ukiwatenganisha umewapokonya mara mbili. Mwachie bibi cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya kumtambulisha kama mlezi, igongwe muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, ili shuleni na hospitali asisumbuliwe. Mpeleke mtoto akalale kule siku kadhaa wewe ukiwepo bado. Muachie kanga yako ambayo hujaifua, wangu alilala na yangu mpaka ikachanika. Na kaa na bibi muongee, asije akamtishia mama yako akirudi atakuchapa, wala asimwambie mama yako alikutupa hata akiwa na hasira na wewe kwa sababu ya hela.

Simu sasa. Kabla ya kusaini mkataba uliza utaruhusiwa simu muda gani, kuna nyumba wanaichukua simu wanakupa Ijumaa tu. Panga siku na saa ambayo kweli utaiweza, mara moja kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko kila siku ukakosa siku tatu. Oman na Dubai wako mbele ya kwetu kwa saa moja, Saudia, Qatar na Kuwait saa ni ileile, kwa hiyo ukipiga kutoka Muscat saa tatu usiku nyumbani ni saa mbili, mtoto bado hajalala. Ukikosa nafasi tuma voisi za WhatsApp, msimulie, muimbie, usimuulize tu umekula, umesoma. Na kubalianeni na bibi mapema atamwambia nini ukipotea hewani wiki nzima.

Sasa hapa ndo wengi tunaumia, unapiga simu mtoto hataki kuongea, anakimbia kucheza, unasema ameshanisahau. Hapana. John Bowlby na James Robertson, Waingereza waliowachunguza watoto waliotenganishwa na mama zao miaka ya 1950, waliona mtoto kwanza analia na kupinga, kisha anakata tamaa ananyamaza, mwisho anajitenga anaonekana mchangamfu kabisa lakini mama akija hata hamtazami. Ule ubaridi ni maumivu, sio kusahau. Wewe endelea kupiga. Bibi aangalie mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kuanza tena, tumbo kuuma kila asubuhi ya shule, kupigana, au upole wa kupitiliza, huo nao mnausifia kumbe mtoto anaogopa akikosea na bibi ataondoka. Yakizidi mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, Tanzania na Kenya.

Ukirudi usimnyakue. Atamuita bibi mama, meza tu. Nendeni mkakae palepale kwa bibi wiki kadhaa, umuogeshe, umpeleke shule, ulale karibu, kisha ndo mhamie kwako na bibi awe anakuja au mnaenda kila wikiendi. Masanduku ya zawadi hayafanyi hiyo kazi. Wangu ilichukua miezi minne kabla hajaacha kumwangalia bibi kwanza kila ninapomuita.