Somo: MySQL Workbench inagoma kufunguka, inadai VCRUNTIME140.dll haipo

Wakuu, salaam. Kila muhula mpya wa vyuo ukianza, tatizo hili linarudi. Mtu kapakua MySQL Workbench (programu ya kufanyia kazi hifadhidata za MySQL), kaisakinisha vizuri, kabofya ikoni, na badala ya programu kufunguka kinatokea kisanduku chenye alama nyekundu ya X kikisema haiwezi kuendelea kwa sababu VCRUNTIME140.dll haikupatikana. Mwingine anaambiwa ni MSVCP140.dll, mwingine VCRUNTIME140_1.dll. Wapo wanaokwama mapema zaidi: kisakinishi chenyewe kinakataa kuendelea mpaka uweke kwanza Visual C++ Redistributable ya 2019.

Kinachoniuma ni kuona wanafunzi wanalipa fundi awapigie Windows upya, na kupoteza mafaili yao humo humo, kwa tatizo linalohitaji bando la MB 50 tu au chini ya hapo. Windows yako ni nzima na Workbench ni nzima. Kuna kifurushi kimoja tu hakipo.

Kinachokosekana ni nini

Sehemu kubwa ya Workbench imeandikwa kwa lugha ya C++. Programu ya namna hiyo ikitengenezwa kwa zana za Visual Studio za Microsoft, kwa kawaida haibebi kila kitu ndani yake. Kazi za kila siku kama kutenga kumbukumbu, kushughulikia maandishi na kukamata hitilafu inaziazima kwenye mafaili ya DLL yanayokaa kwenye folda za Windows, ambayo programu nyingi zinayatumia kwa pamoja. Mafaili hayo huja katika kifurushi kiitwacho Visual C++ Redistributable. Kompyuta nyingi tayari zinacho, kwa sababu gemu au programu nyingine ilikileta bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana Workbench ile ile inafunguka kwa rafiki yako na kwako inagoma, hasa kama Windows yako ndiyo kwanza imepigwa.

Namba iliyo kwenye jina la faili inakueleza kifurushi kipi kinatakiwa. MSVCP100 ni cha 2010, MSVCP110 ni cha 2012, MSVCP120 ni cha 2013. Namba 140 ni ya matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022 kwa pamoja, kwa sababu kuanzia hapo Microsoft waliyaunganisha yakawa kifurushi kimoja. (130 usiitafute, waliiruka.) Faili la VCRUNTIME140_1.dll liliongezwa zama za 2019. Kwa hiyo ukiona hilo peke yake ndilo linalokosekana, jua kifurushi unacho ila ni cha zamani.

Usipakue DLL moja moja

Ukiandika jina la faili hilo kwenye Google, utaona tovuti kibao zinazogawa DLL bure. Ziache kabisa. Kwanza hujui aliyeliweka pale amelichezea vipi, na faili hilo litaendeshwa ndani ya kila programu inayolitafuta. Pili, mafaili ya kifurushi kimoja yanatakiwa yawe ya toleo moja. Ukileta moja la toleo lingine, kesho utaulizwa jingine, na keshokutwa jingine.

Tatu ni mtego wa folda, na huu umewanasa wengi. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye mafaili ya biti 32. Majina yanapotosha, lakini ndivyo ilivyo. Mtu anapakua faili la biti 32, anaona jina System32, analiweka humo kwa moyo mmoja. Workbench, ambayo ni ya biti 64, inalikuta, inashindwa kulitumia, na sasa ujumbe unabadilika kuwa 0xc000007b. Hapo tatizo moja limekuwa mawili.

Kama ulishafanya hivyo, safisha kwanza. Fungua Command Prompt, andika:

where vcruntime140.dll

Utaonyeshwa njia za folda lilimo faili hilo. Futa lile uliloliweka kwa mkono wako tu. Mengine usiyaguse.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha Windows yako ni ya biti ngapi. Nenda Settings, System, About, soma mstari wa System type. Workbench 8.0 ya Windows ipo ya biti 64 pekee.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, gonga Enter. Kwenye orodha tafuta mistari inayoanza na Microsoft Visual C++. Unaweza kukuta foleni ya 2005, 2008, 2010 na kuendelea. Usifute hata mmoja ukidhani ni takataka, kila mmoja una programu inayoutegemea. Unachotafuta ni ule wa 2015-2022 wenye neno x64 (yaani biti 64) mbele yake. Ukiona wa x86 (yaani biti 32) peke yake, jibu umelipata: cha x64 ndicho hakipo.

3. Pakua kifurushi kwa Microsoft wenyewe:

aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe

Ushauri wangu ni kuweka na cha x86 pia (kwenye anwani hiyo badilisha x64 iwe x86). Workbench inataka cha x64, lakini kwenye mashine hiyo hiyo zipo programu nyingine za biti 32 ambazo siku moja zitakuletea ujumbe ule ule.

Kama umepewa faili hili kwenye flashi, likague kabla ya kulifungua. Bofya kulia, Properties, kisha Digital Signatures. Lazima uone Microsoft Corporation. Kama ukurasa huo haupo, au kuna jina lingine, lifute.

4. Funga programu zote, bofya kulia kwenye faili, chagua Run as administrator, weka tiki ya kukubali masharti, bonyeza Install. Ukiona vitufe vya Repair na Uninstall badala ya Install, maana yake toleo hilo tayari lipo, bonyeza Repair. Ukipata kosa 0x80070666, usihangaike: tayari kuna toleo jipya zaidi kuliko unaloweka.

5. Zima kompyuta na kuiwasha upya hata kama hukuambiwa. Kisha fungua Workbench. Waliokataliwa na kisakinishi warudie kukiendesha sasa.

Wanaopenda kuandika amri, kwenye Windows 10 na 11 yenye winget (chombo cha kusakinisha programu kwa amri) hatua ya 3 na ya 4 zinaisha kwa mstari huu:

winget install --id Microsoft.VCRedist.2015+.x64

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefuata hatua zote, nimewasha upya, ujumbe ni ule ule. Nimeweka hicho cha x86 maana kwenye kompyuta yangu nina folda ya Program Files (x86).

Jibu: Folda hiyo ipo kwenye kila Windows ya biti 64, ni makazi ya programu za biti 32. Kuwepo kwake kunathibitisha kwamba Windows yako ni ya biti 64. Weka cha x64, hicho cha x86 kiache hapo hapo, na uwashe upya.

Swali: Kaka asante, imefunguka. Ila nikibofya muunganisho inasema haiwezi kuunganishwa na seva kwenye 127.0.0.1:3306. Bado kuna DLL inakosekana?

Jibu: Hapana ndugu, DLL umemaliza. Workbench ni chombo cha kuzungumza na seva, hifadhidata yenyewe inakaa kwenye MySQL Server, ambayo inasakinishwa kivyake. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta huduma yenye jina linaloanza na MySQL, kama MySQL80. Kama ipo na imesimama, bofya kulia, Start. Kama haipo kabisa, seva hujaiweka. Na kama una XAMPP (kifurushi chenye Apache, PHP na seva yake ya hifadhidata), angalia isije ikawa imeshika mlango (port) 3306 kabla yako. Seva mbili haziwezi kutumia mlango mmoja.

Swali: Kuhusu hiyo XAMPP, mimi Workbench haina shida, ila PHP inanipa onyo kwamba VCRUNTIME140.dll 14.0 haiendani na PHP iliyounganishwa na 14.16. Ni kitu kimoja?

Jibu: Kitu kimoja kabisa. Faili unalo, lakini ni la toleo la chini kuliko lile PHP yako ilitengenezewa. Usilifute wala kulibadilisha kwa mkono. Sakinisha kifurushi kipya juu ya cha zamani, toleo litapanda lenyewe, kisha zima Apache na uiwashe tena.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina maabara ya kompyuta thelathini na intaneti yetu ni ya kusuasua. Nitapita kila moja nikibofya?

Jibu: Mwalimu, pole na kazi. Pakua mara moja, weka kwenye flashi pamoja na kisakinishi cha Workbench. Kwenye kila kompyuta fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, nenda kwenye flashi, andika:

vc_redist.x64.exe /install /quiet /norestart

Kitajisakinisha kimya bila kuuliza kitu. Ukiwa unapakua Workbench, ukurasa utakuomba akaunti ya Oracle. Shuka chini, kuna mstari mdogo wa No thanks, just start my download. Wanafunzi wako waonyeshe huo mstari, wengi hawauoni na wanaishia kutafuta kopi zisizoeleweka. Na flashi hiyo, mwalimu, uichomeke kwenye mashine unazoziamini tu.

Swali: Shikamoo mkuu. Laptopu yangu ni Windows 7 ya biti 32, nadaiwa api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Faili hilo ni la sehemu iitwayo Universal CRT, ambayo Windows 10 huja nayo. Kwa Windows 7 inaongezwa kwa sasisho KB2999226, na lazima uwe na Service Pack 1 kwanza. Lakini nisikupotezee muda: hata ukiliweka, Workbench 8.0 haitaingia kwenye biti 32. Kwa kujifunza SQL huna haja nayo. Tafuta toleo la HeidiSQL la biti 32, au tumia phpMyAdmin kupitia kivinjari. Amri za SELECT na JOIN ni zile zile, na mtihani hauulizi ulitumia dirisha gani.

Swali: Niliambiwa niendeshe sfc /scannow. Nimesubiri mpaka mwisho, ikasema hakuna tatizo lolote, na Workbench bado haifunguki.

Jibu: Amri hiyo inakagua mafaili yanayolindwa ya Windows yenyewe. Kifurushi cha Visual C++ kinaletwa kutoka nje, kwa hiyo sfc haikihesabu kama kimepotea. Majibu iliyokupa ni ya kweli, ila swali lilikuwa lingine. Anza na hatua ya 2.

Swali: Je, SQL Developer ya Oracle nayo? Kila nikiifungua inaniuliza njia ya JDK, nikiiwekea inakataa.

Jibu: Hiyo ni familia nyingine, dada. SQL Developer imeandikwa kwa Java, kwa hiyo inachotafuta ni JDK, yaani kifurushi cha zana za Java. Visual C++ haitakusaidia hapo. Ielekeze kwenye folda kuu ya JDK, ile yenye bin ndani yake, wala usiingie mpaka kwenye bin. Matoleo ya 23 yanataka JDK 11 au 17. Ukiipa Java 8 itakataa. Kama uliwahi kuipa njia isiyo sahihi na sasa haikuulizi tena, nenda kwenye AppData, Roaming, sqldeveloper, fungua folda ya toleo lako, kisha faili la product.conf. Mle kuna mstari wa SetJavaHome. Rekebisha njia hapo, hifadhi, ufungue programu upya. Ikigoma, niandikie mstari huo kama ulivyo tuuangalie.